Mtunzi Aliyeupandisha Mji Wake Jukwaani

Hotuba kwa walimu wa kwaya, waigizaji na wanamuziki vijana, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wa kwaya, wanamuziki wa dansi na wa taarab, wanafunzi wa sanaa mliotoka Mlimani na Bagamoyo, waigizaji, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, nawashukuru kwa kuja.

Waandaaji waliniomba nizungumzie maisha ya mtunzi mmoja wa michezo ya jukwaani inayoigizwa kwa nyimbo, yeyote nimpendaye. Nadhani walitarajia nimtaje Mmarekani au Mwingereza, maana huko ndiko kazi hii ilikopata jina na fedha. Mimi nimemchagua Todd Matshikiza wa Afrika Kusini. Alichukua muziki uliokuwa ukipigwa uchochoroni mwake na kisa kilichokuwa kikisimuliwa mtaani kwake, akavipandisha jukwaani, na watu wa mji wakajiona. Dar es Salaam bado inamsubiri wa kuifanyia hivyo, na mimi naamini yumo humu ndani.

Niwaanzie na kitu mnachokijua. Wimbo wetu wa taifa tunauimba kwa tuni iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mtu wa kwaya, mzaliwa wa Eastern Cape. Mtoto wa darasa la kwanza kule Temeke anaposimama mstarini asubuhi akaimba "Mungu ibariki Afrika", anaimba muziki wa watu wa kwaya wa jimbo lile: sauti nne, mwendo wa taratibu, kila neno limepewa nafasi yake ya kupumua. Shule za wamisionari, kama chuo cha Lovedale kilichofunguliwa na Waskoti, zilifundisha solfa, ile do-re-mi ya herufi ambayo wengi humu ndiyo tuliyofundishiwa kuimba. Waxhosa, wenyeji wa jimbo lile, wakaifanya mali yao. Kabla karne ya ishirini haijaanza walikwishakuwa na watunzi wao wenyewe na nyimbo zao zilizochapwa.

Todd Matshikiza alizaliwa katikati ya hayo, mjini Queenstown, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baba alipiga kinanda kanisani. Mama aliimba soprano na sauti yake ilijulikana. Na Queenstown, pamoja na kwaya zake zote, ulikuwa mji uliosifika kwa bendi za jazi. Kwa hiyo mtoto huyu alikua akisikia vitu viwili ambavyo wazazi wengi wa wakati ule, na wengine wa leo, wangependa vikae mbalimbali. Jumapili asubuhi ni sauti nne zinazosubiriana. Jumamosi usiku ni piano na saksafoni zinazosukumana. Hakulazimika kuchagua. Hilo nalitilia mkazo kwa sababu namjua kijana mmoja wa kwaya yangu, besi mzuri sana, aliyeficha mwaka mzima kwamba anapiga bezi kwenye bendi ya baa Sinza. Alidhani tutamfukuza. Mwanangu, kama umo humu, huna haja ya kujificha.

Alisoma St Peter's, shule ya mapadri wa Kianglikana kusini mwa Johannesburg, akapata stashahada ya ualimu Lovedale, akabaki pale akifundisha Kiingereza na hesabu. Mwaka 1947 akahamia Johannesburg moja kwa moja.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu Johannesburg ya miaka ile ndiyo iliyomfanya mtunzi. Magharibi ya mji palikuwa na Sophiatown, mtaa uliojaa watu wa kila namna: mafundi, majambazi, walimu, waandishi, akina mama wenye vilabu vya pombe, wanamuziki. Kwenye vilabu vile na kwenye nyua za maskini ulikuwa umekwishazaliwa muziki ulioitwa marabi. Nisikilizeni kwenye kinanda. Tunaanza do, tunapanda fa, tunarudi do, tunashuka so, tunaanza tena. Ni hivyo tu. Mpigaji anazungusha kodi hizo tatu usiku kucha, na juu yake kila mtu anaweka neno lake, wimbo wa kanisani umegeuzwa maneno, utani wa jirani, malalamiko juu ya polisi. Wapiga gitaa mliopo hapa mmetikisa vichwa kwa sababu kodi hizo ndizo mnazozijua. Kisha kwenye kona za barabara vijana walikuwa wakipiga filimbi za bati, muziki walioita kwela. Na kwenye kumbi, bendi kubwa za saksafoni na tarumbeta zilikuwa zikichanganya marabi na jazi ya Marekani.

Matshikiza aliishi kwa kazi nyingi. Alifundisha piano. Aliwahi kuwa mchuuzi wa nyembe. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliandika kwenye jarida la Drum, habari za muziki na safu za maisha ya mtaani. Mhariri wake, Anthony Sampson, alisimulia kwamba Todd aliishambulia taipureta kama anapiga piano, na kila sentensi ikawa na mapigo yake. Wenzake wakaubatiza uandishi ule kwa jina lake. Watu wengi wakisimulia maisha yake huona uandishi wa magazeti kama kazi ya kutafutia mkate, muziki ndio wito. Mimi sikubali. Mtunzi wa jukwaani asiyejua watu wanavyosema hatungi kitu. Lazima ajue mama mwenye kilabu anavyomjibu mlevi anayetaka kukopa, jambazi anavyobembeleza, bondia anavyojisifu. Drum ilimlipa mshahara ili azunguke akisikiliza maneno hayo. Kwaya ilimpa sauti nne, vilabu vikampa mapigo, na uandishi ukampa vinywa vya watu.

Mwaka 1953 alitunga kazi ndefu ya kwaya iitwayo Makhaliphile, kumheshimu padri mmoja wa Sophiatown ambaye watu walimwita kwa jina hilo kwa ushujaa wake. Padri huyo alikuwa Trevor Huddleston. Najua baadhi yenu mmeinua macho. Ndiye huyo huyo. Mimi ni mtu wa Masasi. Mama yangu alipewa kipaimara na Askofu Huddleston, aliyekuwa askofu wetu kuanzia 1960 hadi 1968. Alipofika kwetu alikuwa amekwishaondolewa Afrika Kusini na wakubwa wa shirika lake baada ya kupambana na serikali kuhusu kubomolewa kwa Sophiatown, ambako Waafrika walihamishwa ili wazungu wakae. Ndiye aliyempa kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Mama alitusimulia habari zake nyingi: urefu wake, sauti yake, miguu yake mavumbini akienda vijijini. Hakuwahi kutuambia kwamba askofu alikuwa ametungiwa muziki Johannesburg. Nadhani hakujua, kwa sababu askofu mwenyewe hakujitangaza. Nilipoligundua hilo ukubwani nilitamani sana mama angekuwa hai nimwimbie hata mistari miwili.

Mwaka 1956, Johannesburg ulipoadhimisha miaka 70, mji ulimwagiza Matshikiza kazi nyingine kubwa ya kwaya na vyombo. Akaipa jina Uxolo, yaani amani. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu polisi waanze kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa malori.

Sasa tufike King Kong, mchezo wake mkubwa wa nyimbo.

Palikuwa na bondia wa uzito wa juu, Ezekiel Dlamini, mtu wa Vryheid, Natal. Mwili mkubwa, maneno makubwa. Watu walimwita King Kong na yeye akalipenda jina. Sheria za nchi hazikumruhusu kupigana na mabondia wazungu, na Waafrika wenzake wa uzito wake wa kupigana naye walikuwa haba. Akaja kuangushwa na bondia mwepesi kuliko yeye. Kuanzia hapo akaporomoka: pombe, ugomvi, na mwishowe akamuua mpenzi wake. Mahakamani aliomba anyongwe. Jaji akampa kifungo cha kazi ngumu. Mwaka 1957 alikufa maji kwenye bwawa akiwa mfungwa. Mji mzima ulikijua kisa hiki. Watu walibishana juu yake kwenye basi.

Mwanasheria na mwandishi Harry Bloom akatunga mchezo, Pat Williams akaandika mashairi, Matshikiza akatunga muziki. Leon Gluckman alielekeza. Stanley Glasser alisimamia muziki. Mandhari ya jukwaa na mavazi yalibuniwa na Arthur Goldreich, mchoraji ambaye mwaka 1963 alikamatwa Rivonia pamoja na viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi, akatoroka kituo cha polisi, na safari yake ya kutoroka ikamfikisha hapa hapa Dar es Salaam. Waandaaji hao isipokuwa Matshikiza walikuwa wazungu. Waigizaji, waimbaji na wapigaji walikuwa Waafrika. Shikeni jambo hilo, tutalirudia tukifika London.

Kupanga vyombo walisaidiana Kippie Moeketsi, Mackay Davashe na Sol Klaaste, pamoja na Glasser. Hao watatu wa kwanza walikuwa wapigaji hodari wa Johannesburg, watu waliojua bendi ya mjini inavyovuta pumzi. Mazoezi yenyewe yalikuwa na shida ambazo sisi hatujawahi kuziona: Mwafrika aliyekutwa barabarani usiku bila kibali alikamatwa, hata kama ametoka kwenye mazoezi ya kuimba.

Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 2 Februari 1959, katika Ukumbi Mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo kilichaguliwa kwa kuwa palikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo weusi na weupe waliweza kukaa ukumbi mmoja. King aliigizwa na Nathan Mdledle wa kundi la Manhattan Brothers. Joyce, mwenye kilabu ambaye King anampenda hadi kumuua, alikuwa Miriam Makeba, huyu huyu aliyekuja kuipeleka Malaika duniani kote. Kwenye bendi walikaa Masekela na tarumbeta yake, Jonas Gwangwa na tromboni, Moeketsi na saksafoni.

Sikilizeni mchezo unavyoanza, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Mtunzi mwingine angeanza na mbwembwe za ulingoni. Matshikiza alianza na wimbo mzito wa kwaya, mwendo wa taratibu, lugha ya Kixhosa ikiingia, watu wakiuliza: wanaume hawa wamekosa nini? Ndani ya mchezo, swali hilo linamhusu bondia na wenzake wa mtaani. Lakini mwezi ule kulikuwa na Kesi ya Uhaini. Wapinzani 156 wa ubaguzi walikuwa wamekamatwa mwishoni mwa 1956, na kesi ilikuwa bado inaendelea. Kila Mwafrika aliyekaa ukumbini alijua ni wanaume gani. Nelson Mandela, mmoja wa washtakiwa, alikuwepo usiku ule, na wakati wa mapumziko alimfuata Matshikiza kumpongeza kwa wimbo huo. Mkaguzi wa serikali akiusoma kwenye karatasi anaona wimbo wa huzuni tu. Ukiimbwa na watu hamsini kwa sauti nne, ukumbi unashika pumzi.

Walimu wa kwaya, naomba mlitafakari hilo. Nguvu ile ilitoka kwetu, ilitoka kwenye kazi tunayoifanya kila Jumatano na Jumamosi jioni. Alijua kwamba watu wengi wakiuliza swali moja kwa sauti nne, swali linakuwa zito kuliko hotuba.

Kisha anabadilisha. Joyce anaimba sifa za kilabu chake, Back of the Moon, jina la kilabu cha kweli cha Sophiatown, na muziki unakuwa wa vilabuni: mapigo yanachezesha mabega, vyombo vya shaba vinajibu, Makeba anachelewesha neno nusu pigo kisha analiangusha. Halafu vijana wanaingia na filimbi za bati, wanacheza kwela. Na mchezo unapoelekea mwisho, King akiimba juu ya kifo chake, anaturudisha kwenye uzito wa kwaya. Mnaona alivyofanya? Kila muziki una mwenyewe. Kilabu kina muziki wake, barabara ina wake, msiba una wake. Mtazamaji akifumba macho anajua yuko wapi mjini. Na nyimbo hazisimamishi kisa ili tupumzike. Kila wimbo ukiisha, mtu fulani amebadilika au amepoteza kitu.

Na hebu fikirieni hadhira. Sophiatown ilikuwa inabomolewa wakati mchezo unaigizwa. Palikuwa na watu ukumbini ambao nyumba zao zilikuwa kifusi, na wanauona mtaa wao umesimama jukwaani, na taa zake, na foleni zake, na matusi yake. Mchezo ulizunguka miji mikubwa ya Afrika Kusini na watu wakafurika kila ulipokwenda.

Mwaka 1960, mwaka polisi walipoua waandamanaji kule Sharpeville, alitunga mchezo wa pili, Mkhumbane, na mwandishi Alan Paton, ukaonyeshwa Durban. Ulihusu watu wa Cato Manor, mtaa wa mji huo, ambao nao walikuwa wakihamishwa. Haujulikani sana, na mimi naona huo ni upotevu mkubwa, lakini nisiwacheleweshe.

Mwaka huo huo akaondoka na mkewe Esme na watoto wao kwenda London. Februari 1961 King Kong ukafunguliwa huko, kwenye ukumbi wa Princes. Makeba hakuwepo, alikuwa amekwishakwenda Marekani, na Joyce aliigizwa na Peggy Phango. Kwa waigizaji na wapigaji wengi, safari ile ilikuwa ndiyo mlango wa kutokea. Walibaki ng'ambo, na wengine walizeeka huko.

Na mtunzi? Muziki wake ulirekebishwa upate kuwafaa watazamaji wa London. Katika kitabu cha kumbukumbu alichochapisha mwaka 1961, aliandika kwa uchungu jinsi alivyosikia kazi yake ikiwa imebadilishwa mikononi mwa wengine. Nimesoma kurasa zile mara nyingi na kila mara zinanikaa kifuani. Mtu ametunga muziki kutoka kwenye kinanda cha baba yake na vilabu vya Sophiatown, anakaa kwenye kiti cha ukumbi mkubwa, anasikia kitu kinachofanana na chake. Jina lake liko kwenye bango nje. Uamuzi hauko kwake.

Siwalaumu wote waliofanya naye kazi. Wengine walihatarisha uhuru wao, Goldreich mmojawapo. Lakini aliyekuwa na karatasi za muziki, aliyekuwa na mkataba, aliyekuwa na nafasi ya kuingia kwenye chumba cha maamuzi, ndiye aliyeamua. Huko huko Afrika Kusini Solomon Linda alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939. Ukazunguka dunia na kuwatajirisha wengine, naye akafa maskini mwaka 1962. Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki tangu 1999, na nawasihi muitumie. Hata hivyo sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakijaandikwa popote. Nimekaa na watunzi wa Dar es Salaam wenye nyimbo mia vichwani, hata moja haina karatasi wala tarehe. Akifa mzee, watoto wanabishana na bendi, bendi inabishana na studio, na hakuna mwenye cha kuonyesha.

London haikumpa riziki ya kutosha. Aliandika kidogo, alitangaza kidogo redioni, alipiga piano kwenye vilabu vya usiku. Mwaka 1964 Zambia ilipopata uhuru, alihamia Lusaka kufanya kazi ya utangazaji. Baadaye akapewa kazi ya kuhifadhi muziki kwenye idara ya habari ya serikali, akazunguka nchi akikusanya nyimbo za asili. Naipenda sehemu hii ya maisha yake kuliko nyingine zote, na naona wasimuliaji huipita mbio kwa kuwa haina taa za jukwaani. Mtu aliyekuwa ameonja sifa za Johannesburg na London anakwenda vijijini na mashine ya kurekodi, anakaa chini, anawaomba wazee waimbe, anaandika nani kaimba na wapi. Yeye aliyebadilishiwa muziki wake alihakikisha nyimbo za watu wengine zinabaki kama zilivyoimbwa.

Alifariki Lusaka, Machi 1968, hajafika miaka hamsini. Hakurudi nyumbani. King Kong ulirudi: mwaka 2017 ulipandishwa tena jukwaani Cape Town, kisha Johannesburg, vijana wakiimba nyimbo ambazo zilitungwa kabla mama zao hawajazaliwa. Uliwezekana kurudi kwa sababu nyimbo zilikuwa zimerekodiwa na karatasi zilikuwepo.

Sasa niseme la kwetu.

Wapo wanaoniambia kwamba mchezo wa nyimbo ni kitu cha wageni, hakitushiki. Wazee waliopo humu wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa kama Muungano wakiwa na Norbert Chenga, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, wakiwa na Kapteni John Komba. Kumbi zilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Usiku mmoja ulipata ngoma, kwaya, vichekesho, maigizo, sarakasi na taarab. Hadhira ile haikuchoka kwa saa tano. Kwa hiyo msiniambie watu wa Dar es Salaam hawapendi kuona hadithi na muziki chini ya paa moja. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni mshono. Ngoma iliisha, ikaja kwaya, ikaisha, likaja igizo, kila kimoja na habari yake. Hatukuwa na mtunzi aliyekaa akauliza: ngoma hii ni ya nani katika kisa hiki? Taarab hii anamwimbia nani, na kwa nini usiku huu?

Na vifaa tunavyo vingi kuliko alivyokuwa navyo Matshikiza. Mdundiko wa Wazaramo ukipita mtaani unabeba watu wote njiani. Mchiriku na kile kinanda chake kidogo chenye sauti kali. Taarab na mafumbo yake, ambayo ni mazungumzo ya watu wawili tayari, hata kama mmoja hayupo jukwaani. Dansi: nani humu hajui kwamba nyimbo za Marijani Rajabu ni hadithi zenye wahusika, mwanzo na majuto? Kaswida. Pambio. Na singeli ya Manzese na Tandale, ambayo baadhi ya walimu wenzangu wa kwaya hawataki kuisikia ikitajwa.

Nitaitaja hata hivyo. Nimekuwa nikifikiria tukio moja, nawapa bure. Pantoni la Kigamboni, asubuhi, foleni imejaa, pantoni limekwama upande wa pili. Mama anakwenda Ocean Road hospitalini kwa matibabu na anaimba pambio kimoyomoyo kujituliza. Mwanawe kijana amesimama pembeni na spika begani, anapiga singeli, na hajui mama anaumwa nini kwa sababu hajaambiwa. Singeli ikienda mapigo mia mbili na arobaini kwa dakika, na pambio likienda sitini, vinakutana kila baada ya mapigo manne. Vinakaa pamoja, nimevijaribu kwenye kinanda hiki. Mama anaimba polepole juu, kijana anafoka kwa kasi chini, foleni inaitikia, na mtazamaji anasikia watu wawili wa nyumba moja ambao hawajaambiana ukweli. Wimbo ukifika mwisho kijana anazima spika kwa sababu amesikia neno moja la mama. Kuanzia hapo kisa kimeanza.

Hilo ndilo Matshikiza angefanya kama angeshuka Feri. Asingetafuta muziki wa kufananisha na wa London. Angesimama kwenye foleni akasikiliza nani anaimba nini.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa vitendo. Atakayeandika tukio moja, wahusika wawili, wimbo mmoja, ausikilize mtaa wake kwanza na kisha alilete hapa. Andika kwa solfa, andika kwa nota, na kama hujui vyote viwili rekodi kwenye simu, mwalimu mmoja wa kwaya atakaa na wewe akunakilie. Nimekwishaongea na walimu kadhaa na wamekubali. Kwenye ukurasa wa kwanza weka jina lako, jina la aliyeandika maneno kama si wewe, na tarehe. Aliyepanga vyombo naye aandikwe. Nakala moja inabaki kwako, nyingine inakaa kabatini hapa ukumbini.

Ukumbi tumepewa kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kabla ya mazoezi ya kwaya. Kinanda kipo na sauti zake zimeshawekwa sawa. Wacheza ngoma waje na ngoma zao. Na ninyi wapigaji wa singeli mliopo humu, msiondoke kabla hamjaandikisha majina na namba zenu kwa dada aliyekaa mezani pale mlangoni, kwa sababu walimu wengi wa kwaya humu hawajui pa kuwapata, na Jumamosi hii tunaanza na lile tukio la pantoni.